Skrini Mpya ya Steshenari

Nilirudi kazini mtoto ana miezi minne, kwenye steshenari ya Chamazi ninakochapia watu barua na fomu. Nikakuta mama mwenye duka kanunua skrini mpya kali, na fundi wake kaweka Linux badala ya Windows ili virusi vya flashi za wateja visitusumbue tena. Vizuri. Ila maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa.

Fundi akaja, akashusha rezolusheni, yaani idadi ya nukta zinazochora picha kwenye skrini. Herufi zikakua, lakini zikaingia ukungu. Nikamwambia. Akacheka mbele ya wateja: "Sista, kapime macho. Uzazi huo."

Wiki hiyohiyo nikachapa 3 badala ya 8 kwenye fomu ya cheti cha kuzaliwa, na kwenye ule ukungu sikuiona. Mteja akaja juu. Mama akanipa mpaka Jumamosi nijirekebishe, la sivyo nitafute kazi kwingine. Ndipo muuza chipsi wa jirani akaninong'oneza kuwa fundi keshamwahidi mchumba wake kiti changu.

Kumbe!

Mie nimeishia form four, lakini kusoma najua. Nikafungua mipangilio ya skrini, nikarudisha rezolusheni yote. Chini yake nikakuta skeli, ya kukuza maandishi, imewekwa asilimia mia. Nikaipandisha mia mbili. Herufi zikatoka kubwa, nyeusi, safi. Nililia kwa hasira. Kitu chenyewe ndo hiki?

Sikumwambia mtu. Jumamosi asubuhi nikairudisha skeli mia, herufi zikarudia udogo wake.

Wakaja wawili, fundi na mchumba wake. Binti akamwamkia mama, nikampisha kiti. "Karibu, wifi, jisikie nyumbani." Akasogeza uso mpaka pua inagusa kioo. Fundi akaruka, akashusha rezolusheni tena. Ukungu. Mama akavaa miwani, akaivua, akaivaa.

"Fundi, mbona na mie sioni? Au na mie nimejifungua?"

Nikainama juu ya bega la binti, nikapandisha rezolusheni, nikaweka skeli mia mbili. Mama akaisoma fomu nzima kwa sauti, palepale aliposimama.

"Umefanyaje?" fundi akauliza.

"Wewe si ndo fundi?"

Kiti kikabaki changu. Yule binti hakunikosea chochote. Alitoka kaukumbatia mkoba wake, na mie nikamtazama mpaka akakata kona. Watu wanasema ningemwonyesha fundi pembeni, asiaibike. Waniache. Alitaka kuninyang'anya uji wa mwanangu. Siku hizi akipita hupitia ng'ambo ya barabara, nami humwita kwa sauti wateja wasikie: "Fundi! Njoo nikufundishe!"