Barua ya Vijisanduku na Sahani ya Kamba

Leo nusura tumuue mgeni kwa ukarimu.

Mwajua nafanya kazi hotelini Watamu, na Kijapani nilijifunza kwa kutembeza watalii. Juzi Bi Mwanaisha, meneja wetu, katuwekea programu mpya ya barua pepe. Nzuri, yameremeta.

Adhuhuri nikakuta barua kutoka Japani. Badala ya herufi, yote vijisanduku vitupu! Nikainakili kwenye programu ya kuandikia.

Vijisanduku vilevile.

"Hiyo niliijibu jana," akasema Bi Mwanaisha.

"Uliisomaje, Bi Mwanaisha?"

"Mgeni haambiwi sijaelewa. Nilimwandikia karibuni sana, hakuna taabu."

Roho haikunitulia. Nikaifungua kwa ile programu ya zamani, anayosema ina sura mbaya. Kijapani kikatoka chote:

"Mama yangu akila kamba, koo huvimba na pumzi hukatika. Mtaweza kumpikia kando?"

Na wageni wenyewe walishafika. Walikuwa mezani!

Nilikimbia, jamani, kiatu kimoja kikabaki ngazini. Mama wa watu kashika kamba, yu karibu na mdomo. Nikampokonya.

Nikawaeleza kwa Kijapani kwamba barua yao nimeisoma sasa hivi tu.

Binti yake akanitazama. "Lakini mlituambia hakuna taabu."

Nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Haya, nipeni majina ya programu za barua na za kuandikia zinazosoma Kijapani. Upesi, tafadhalini. Bi Mwanaisha kapokea barua nyingine ya vijisanduku, na keshaijibu.