Makamu Mwenyekiti wa Kituo cha Chai

Juma lililopita, kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai huko Ekerenyo, nilimwona mama mmoja akiinuka kumpisha mwenyekiti aliyechelewa, ilhali yeye ndiye aliyeendesha mkutano wote. Moyo uliniwaka, nikamkumbuka mama yangu.

Mama alikuwa makamu mwenyekiti wa kituo chetu. Alasiri moja nilipokuwa mtoto, lori la kiwanda la kuchukua majani lilikuwa halijafika tangu siku iliyotangulia. Majani yalipata joto ndani ya magunia, yakaanza kuwa mekundu na kunuka kama uji uliochacha. Kiwanda kingeyakataa yote.

"Makamu, tuyapike kama mboga?" akina mama walimwuliza, lakini hawakuwa wakicheka.

Mwenyekiti hakuonekana. Mama alivua viatu, akaenda kiwandani kwa miguu. Jua lilipokuwa likishuka tulisikia lori likinguruma mlimani. Lilipofika mama alishuka humo, ana matope hadi magotini. Papo hapo mwenyekiti akatokea, viatu vinang'aa, akapanda juu ya mizani ya kupimia majani.

"Nimewaletea lori!" alisema. "Mimi nikipiga simu, kiwanda kinatetemeka."

Watu walipiga makofi. Mama pia alipiga.

Mimi nilimwamini yule mtu. Tukirudi nyumbani nilimwuliza mama, kwa ukali, "Kwa nini ulitembea bure, na mwenyekiti alikuwa ameshapiga simu?"

Mama aliinama, akafuta matope magotini. Hadi leo nina hasira na mwenyekiti, na wote waliopiga makofi. Lakini siku ile nzima hakuna mtu aliyemtajia mama safari yake isipokuwa mimi, na hayo ndiyo niliyomwambia.