Jina la Mama

Siku yangu ya kwanza kazini nilimnyima mgeni muhuri, na kabla ya saa sita mchana nikaambiwa nimekosea. Ilikuwa Unguja. Nilikuwa binti mbichi kutoka Masasi, sare inanibana mabegani, na mtu wa kwanza kufika mezani kwangu alikuwa mwalimu wa kuogelea chini ya bahari, amebabuka pua kwa jua. Nikaona tarehe kwenye viza yake imepita, nikamrudishia pasipoti kwa mkono mmoja, kama nilivyokuwa nimewaona wakubwa wakifanya.

Mkuu wa Kitengo cha Vibali aliniita ofisini kwake. Alikuwa mtu mnene, mpole, na alipenda kunywa chai ya rangi huku anamgombeza mtu.

"Binti, hiyo tarehe uliyoisoma ni ya mwisho ya kuitumia viza kuingilia. Siku za kukaa zinahesabiwa kuanzia muhuri wa kuingia. Umeusoma muhuri?"

"Hapana, afande. Nilisoma viza na picha."

"Picha hucheka. Muhuri haucheki. Nenda kamwombe radhi, halafu uanze upya."

Nikaenda. Kuomba radhi ukiwa na sare ni kazi ngumu kuliko kukamata mtu, na nashukuru nilijifunza siku ya kwanza.

Wageni wa kisiwani nyinyi vijana mnawaona kwenye simu zenu, wamelala kwenye machela za kamba, mkadhani maisha yao yote ni nazi na mchanga. Sisi tuliwaona upande wa pili. Tuliwaona wamekaa kwenye benchi letu na bahasha kubwa, wanatoka jasho, hawajui kama mwezi ujao watakuwa na nyumba. Wengi waliishi kwa viza ya matembezi. Ikikaribia kwisha, wanavuka kwenda nchi jirani, wanalala siku mbili, wanarudi na viza mpya. Ofisini tuliita kwenda kuchovya. Kulikuwa na mama mmoja wa nyumba ya wageni aliyechovya mara nyingi hata nikawa nikimwona namuuliza habari za huko atokako, naye ananiletea biskuti. Biskuti sikuzipokea. Kwa nini nilikuwa na njaa siku zote hizo, hilo ni jambo jingine.

Kisha kanuni zikabadilika. Zamani kibali kimoja kilitosha: kinakuruhusu kuishi na kufanya kazi pamoja. Zikaja kanuni mpya, kibali cha kazi kikawa chake na kibali cha ukaazi kikawa chake, kila kimoja na ofisi yake. Ukaazi nao una madaraja. Daraja A ni la wenye mitaji, B la walioajiriwa, C la wengine wote: wastaafu, watafiti, wanaojitolea. Mtu aliyezoea kuchovya akajikuta hana daraja. Nilishuhudia watu waliokaa kisiwani miaka mingi wakiuza vitanda vyao barabarani. Sikuwaonea haya, sheria ni sheria, lakini nilijifunza kumwambia mtu habari mbaya huku nimemtazama usoni.

Kutoka Unguja nilihamishiwa Mtwara, na mwisho nikarudishwa nyumbani, Masasi, nikapewa na vijiji vya Newala nivihudumie. Nilifurahi mno. Mama yangu alikuwa bado hai, na nyumba yetu ya Mkomaindo ilikuwa inanisubiri. Nikajisemea kwamba huku juu wageni ni wachache, wananijua, nawajua, nitastaafu kwa raha.

Mgeni niliyemjua kuliko wote alikuwa Greta, nesi aliyeletwa zamani kufundisha wakunga. Alikaa kijiji kimoja ng'ambo ya Kitangari, jina lake silitaji. Alipofika alipanga chumba kwa Bibi Zuhura, kungwi mashuhuri wa eneo lile, na chumba kile hakukihama tena. Wanawake wa kule waliona si heshima mtu anayezalisha mabinti zao awe hajachezwa unyago. Basi akachezwa, mtu mzima na miwani yake, akatolewa ndani kwa vigelegele na jina jipya, Asumini. Tangu siku ile Bibi Zuhura ndiye mama yake, na mbele ya mama huyo hatajwi mama mwingine. Mimi Myao wa Masasi, nami nimechezwa, kwa hiyo jambo hilo sikuhitaji kuelezwa na mtu. Hapo ndipo nilipoponzeka.

Mkataba wa Greta uliisha, na daraja B likafa pamoja na mkataba. Alikuwa ameshafikia umri wa kustaafu kwao. Bibi Zuhura macho yalikuwa yamekwisha, haoni zaidi ya kivuli cha mtu mlangoni, na watoto aliowazaa wote walikuwa wametangulia mbele ya haki. Greta ndiye aliyempikia, ndiye aliyemwogesha. Akaniomba nimsaidie kuomba daraja C, la mstaafu.

"Mama Rukia, mimi nikiondoka, huyu nani atamshika mkono kwenda chooni?" aliniuliza, kwa Kiswahili cha huko huko juu, chenye lafudhi ya Kimakonde kuliko yangu.

Nikaenda mwenyewe kujaza fomu, kumwondolea safari. Tuliketi barazani, sisi wawili na Bibi katikati. Nikamuuliza jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, mahali. Nikafika kwenye mstari unaofuata.

"Jina la mama?"

"Zuhura," akajibu Bibi, kwa sauti ya mtu anayeulizwa jambo la wazi.

Greta akainamisha kichwa. Mwali hajibu juu ya neno la kungwi wake. Nami, afisa mwenye nyota mabegani, nikaandika Zuhura, nikapiga muhuri wa ofisi, nikaipeleka fomu mkoani. Mkono wangu haukusita hata kidogo. Nawaambia kweli, niliona sawa kabisa.

Wiki chache baadaye Afisa Uhamiaji wa Mkoa akanipigia simu. Alikuwa mtu wa Kagera, makini, hana utani saa za kazi.

"Mama Rukia, fomu za zamani za huyu mama zote zinasema mama yake anaitwa Kirsten. Yako inasema Zuhura. Mtu mmoja ana mama wawili?"

"Niliandika nilichoambiwa, afande."

"Na nani?"

"Na mama mwenyewe."

Niliposikia jibu langu mwenyewe masikioni, ndipo nikaona lilivyo la ajabu.

"Hii inaitwa maelezo ya uongo kwenye maombi," akasema taratibu. "Maombi yanakataliwa, na yeye anatakiwa kuondoka nchini. Njia ni moja. Alete tamko lililosainiwa kwamba huyo Zuhura si mama yake. Nakupa siku kumi."

Nikaandika tamko lile mwenyewe, mistari miwili tu, nikapanda nalo Newala. Greta alinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji ya mvua, ili Bibi asisikie. Akalisoma mara mbili. Akanirudishia na kalamu yangu.

"Siwezi."

"Ni karatasi tu, Asumini. Hatasomewa."

"Najua hatasomewa. Lakini mimi nitakuwa nimeandika. Kesho asubuhi nimwamkie shikamoo mama, na mkono ni huu huu?" Machozi yalikuwa yanamtoka wazi wazi. "Nitaondoka. Nitafute mtu mwema wa kukaa naye, nimfundishe dawa zake, niondoke."

Nilikasirika sana. Nikamwambia ana kiburi kisicho na faida, kwamba anamwacha kipofu kwa ajili ya mistari miwili. Nikaondoka bila hata kumuaga Bibi, jambo ambalo mtoto wa Kiislamu wa Masasi hafanyi. Lakini hasira yangu haikufika mbali. Barabarani nikaanza kujiuliza: hivi nani alidanganya kwenye fomu ile? Bibi alisema ukweli wake. Greta hakufungua kinywa. Mwenye kalamu nilikuwa mimi. Mwenye kujua kwamba fomu inamtaka mama aliyemzaa, na kwamba swali hilo haliulizwi mbele ya kungwi, nilikuwa mimi.

Asubuhi nikaenda ofisini kabla ya wafagiaji. Nikamwandikia Afisa wa Mkoa barua. Nikaeleza kwamba mwombaji hakutoa jina lile. Mwandishi wa fomu aliuliza mahali pasipofaa, akapokea jibu la mtu asiye mwombaji, akaliandika na kuligonga muhuri bila kulilinganisha na jalada. Kabla ya kuituma nikapanda tena Newala, nikamjazisha Greta fomu mpya yenye jina la Kirsten huko huko tangini, tukinong'ona, nikaiambatanisha. Tamko la kumkana mtu sikuambatanisha, nikaandika kwamba halihitajiki, kwa kuwa kosa halikuwa lake. Nikasaini cheo changu chote.

Aliniita Mtwara. Barua yangu ilikuwa mbele yake.

"Unajua hii inakwenda kwenye jalada lako? Na jina lako lilikuwa kwenye orodha ya kupandishwa cheo."

"Najua, afande."

"Umebakiza muda gani kustaafu?"

"Miezi minne."

"Ungeweza kumwachia yule mama mzigo wake."

"Haukuwa wake."

Akachukua kalamu. Nilipewa onyo la maandishi, na cheo kikaenda kwa mwingine. Kiliniuma, sitawadanganya. Nilikuwa nimeshamwambia fundi ashone mabega ya sare mpya.

Wiki yangu ya mwisho kazini kibali kikatoka: daraja C, miaka miwili. Nikakipeleka mwenyewe, nikiwa nimeongozana na afisa kijana aliyekuja kupokea ofisi. Njiani alikuwa ananiuliza maswali ya kazi, nami nikamweleza niliyokuwa nayo: asome muhuri kabla ya sura, asipokee biskuti, na akiuliza swali aangalie kwanza nani amekaa karibu. Kanuni zitabadilika tena, nilimwambia, zilibadilika mikononi mwangu mara nyingi na sikufa. Kinachobaki vilevile ni kwamba jina lako ndilo liko chini ya karatasi. Nimestaafu na onyo kwenye jalada langu, na leo nikikaa Mkomaindo nikiwasikia wenzangu wanataja vyeo walivyomaliza navyo, mimi sioni haya kutaja changu.

Tulimkuta Bibi Zuhura barazani, uso wake umeelekea sauti za viatu vyetu. Tukamwamkia, akaitikia. Greta akaipokea bahasha, akaifungua, akaikumbatia kifuani.

"Karatasi ya nini hiyo?" Bibi akauliza.

"Ya Serikali, bibi," nikasema. "Inasema Asumini akae hapa."

Bibi akakunja uso, akamgeukia Greta aliposikia pumzi zake, akanyoosha mkono mpaka akamgusa.

"Kwani alikuwa anakwenda wapi?" akasema. "Asumini, wape wageni maji."