Chupa Iliyorudishwa Rafuni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jengo bado halina mtu wa kusalimiana naye. Mama Chupa amekwishajifunga kitambaa kichwani, anakoroga uji wa unga wa mahindi, sukari na hamira. Uji unatokota na kumrukia mkononi. Anaupuliza mkono, anaendelea.

Uji huo si wa watu. Ni wa nzi.

"Kitendawili," anasema bila kugeuka, akisikia mlango.

"Tega," anajibu mfagizi wa jengo.

"Nyumba yangu haina dirisha, wenyeji wanakula sakafu."

"Hao nzi wako, bibi, ndani ya chupa. Lini utanitegea cha mbuzi?"

"Siku watakaponiletea mbuzi wa kufuga humu."

Ana miaka hamsini na minane, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia kwenye maabara hii, akiwalisha nzi wadogo wale wanaozingira ndizi zilizoiva. Kila chupa ina ukoo wake. Watafiti wamewabadilisha baadhi kwenye chembe za urithi ili wapate maradhi yanayofanana na Parkinson, ugonjwa unaomtetemesha mtu na kumfanya mzito kama aliyebebeshwa mawe.

Anachukua chupa moja, anaigonga mezani. Nzi wote wanaanguka chini, kisha wanapanda ukutani mbio. Anagonga ya pili. Hawa wanajikongoja, wengine wamelala chali wakipiga miguu hewani.

"Hawa ndio wagonjwa. Dawa ikijaribiwa, tunaangalia kama watapanda," anasema.

Koo hizi huazimwa. Maabara nyingine ikiomba, Mama Chupa anahamishia nzi wachache kwenye chupa mpya, anafunga boksi, linasafiri. Kwa njia hiyo watafiti wa mbali wanapima nzi walewale, na majibu yao yanalinganishika.

"Kama kumgawia jirani hamira," anasema. "Yako inaumuka palepale."

Ila kuna ukoo mmoja haukugawiwa. Akifika hapo katika simulizi yake, mwiko wa uji unasimama.

Ulikuwa ukoo mpya, uliotengenezwa hapahapa kwa miaka, na ulipolishwa dawa fulani ulianza kupanda. Maabara ya mbali ikaomba chupa. Mama Chupa alikwishafunga boksi na kubandika anwani, Profesa, mkuu wa maabara, akatokea mlangoni.

"Hiyo tuisubirishe kidogo, mama. Tutoe kwanza matokeo yetu, wasije wakatutangulia."

"Nikabandua utepe," anasema Mama Chupa. "Chupa nikairudisha rafuni kwa mkono wangu huu."

Utaratibu wao ulikuwa kuweka kila ukoo katika vyumba viwili, kimoja kikiharibika kingine kibaki. Walijiona wajanja. Hakuna aliyewaza kwamba vyumba vyote viwili vinapozwa na mashine moja. Wikendi moja ya joto mashine ikazimika. Jumatatu alipofungua mlango, hewa ilimpiga usoni kama ya jikoni, na nzi wote walikuwa wamekufa. Koo nyingine zililetwa upya na waliowahi kuziazima. Ule mmoja haukuwa umeazimwa na mtu.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa nyumbani. Mume wake, aliyekuwa mwandishi wa mabango ya maduka, ana ugonjwa huohuo. Kila jioni alikuwa akimuuliza, "Wenzangu wamepandaje leo?" Naye akimjibu, wakicheka wote wawili.

Jioni ya Jumatatu ile alimjibu, "Wamepanda vizuri." Kesho yake hivyohivyo. Wiki nzima.

"Mwisho akaniambia, 'Mke wangu, siku hizi unawasifu wenzangu kama unasoma tanzia.' Nikakaa chini nikamweleza."

Mumewe alisema nini?

"Aliuliza wamezikwa wapi. Nikamwambia kwenye maji ya sabuni. Akasema, 'Basi walau wametakata.'"

Profesa naye hajifichi. "Niliogopa kuibiwa," anasema, "nikajiibia mwenyewe." Siku hizi maboksi huyapeleka getini yeye mwenyewe, na ukoo ule wameanza kuutengeneza upya. Haujatulia bado. Mara mbili umezaa nzi wanaopanda kama hawaumwi chochote.

Mama Chupa anajua kwamba hata ukitulia leo, kutoka chupa hadi kidonge ni mbali, na mumewe hasubiriwi na ugonjwa. Mwaka jana alikuwa anajifunga vifungo mwenyewe.

Ila vibandiko vya maboksi bado anaviandika mume huyo, nyumbani, hataki kunyang'anywa. Herufi ya kwanza inakuja kubwa kama ya bango, zinazofuata zinasinyaa, ya mwisho huioni bila miwani.

"Msafirishaji aliniuliza, 'Mama, anayeandika haya anaogopa wino utamwishia?' Nikamwambia, ndiyo, baba, anauwekea akiba."

Mpango wake ni mmoja kabla ya kustaafu. Ukoo ule ukirudi, chupa ya kwanza isiguse rafu. Itoke chumbani iingie boksini, iende kwa walioomba siku ile.

Kibandiko kimekwishaandikwa. Anakitoa kwenye droo na kukinyoosha kwa kiganja: VIUMBE HAI. V imesimama pana, imara. I ya mwisho ni ndogo kama nzi, lakini ipo.