Sisimizi Nyuma ya Jiko

Nilipokuwa na miaka minane hivi, kwetu Ilula ilisemwa kwamba sisimizi wakikusanyika pale alipokojoa mwanamke mjamzito, basi mimba ile si ya mumewe. Mtoto atazaliwa mkubwa kupita kiasi na hatalia. Niliyasikia hayo kwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Sijui wangapi waliyaamini. Mimi niliyaamini, na ndiyo maana hasira yangu inaanzia kwangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Baba alikuwa Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu. Alikuja Pasaka, akarudi kazini, mama akabaki na mimba. Miezi ilipokwenda, mama akashikwa na kiu isiyokatika, na kila mara alikuwa nyuma ya jiko akikojoa. Asubuhi moja niliona pale sisimizi weusi wamejazana, nikakimbia kumwambia shangazi. Alikuja, akainama, akatazama, akaondoka. Kufikia jioni wanawake wote wa ukoo walikuwa wanajua.

Mama alikwenda zahanati ya misheni, nami nikafuatana naye. Nesi, mwanamke wa Kibena mwenye sauti nzito, alichanganya mkojo wa mama na dawa ya bluu, akaichemsha. Ikageuka rangi ya tofali.

"Mkojo una sukari, mama."

Mama akacheka. "Sukari gani, dada? Tangu Krismasi sijaramba hata kijiko!"

"Si ya kijiko. Mimba imeufanya mwili ushindwe kuitumia. Acha asali, acha miwa, acha ulanzi mtamu. Ugali punguza, kula maharage na mboga. Uje kila Jumatatu. Na usizalie nyumbani, maana mtoto anaweza kuwa mkubwa."

Njiani mama alitembea haraka, karibu aimbe. Alikuwa amepata jibu. Alimweleza shangazi yote, neno kwa neno.

"Mwenye mimba ananyimwa chakula?" shangazi akasema. "Huyo nesi anakufichia."

Kuanzia siku hiyo alimletea ulanzi, ile pombe ya mianzi, uliogemwa asubuhi, mtamu bado, akasimama mbele yake hadi anywe. Mama akikataa, ndiyo kesi. "Unaogopa utakutoa maneno?" Mama alikunywa mafunda mawili, shangazi akigeuka yeye akamwaga uliobaki. Alikula maharage hadi akayachukia. Jumatatu tatu alikwenda zahanati, na nesi akamsifu kwamba rangi ya dawa imeanza kupungua. Jumatatu ya nne shangazi alikaa mlangoni na kusema mke wa kaka yake hatoki tena.

Uchungu ulianza alfajiri. Jua lilipofika utosini mtoto alikuwa bado. Nikiwa nje nilisikia sauti ya shangazi:

"Mtaje!"

"Nimtaje nani, wifi? Huyu ni wa kaka yako."

"Mtaje, utafunguka!"

Nilikimbia zahanati bila kutumwa. Niliporudi na nesi, mtoto alikuwa ameshazaliwa: mvulana, mkubwa mno, mabega yamevilia damu, kimya.

"Umeona?" shangazi akamwambia nesi. "Hakulia."

 Nesi alikuwa amepiga magoti, anazuia damu ya mama.

Mama alipona, mtoto tukamzika. Baba alirudi akasimuliwa. Hakumfukuza, wala hakumtetea. Mama aliishi katika boma lile miaka mingi kama mtu aliyehifadhiwa kwa huruma, akafa hivyo hivyo.

Shangazi alizeeka sana. Mimi ndiye niliyemwogesha alipokuwa hawezi kuinuka. Siku moja, nikimsugua mgongo, akasema, "Mama yako nilishamsamehe."

Nilisimamisha mkono. "Ulimsamehe nini, shangazi?"

"Si unajua."

"Mama alikuwa mgonjwa. Dawa aliambiwa, akaifuata, wewe ukamzuia. Nani wa kumsamehe mwenzake?"

Aligeuza uso ukutani. Nilimaliza kumwogesha, nikamkausha, nikamfunika vizuri.

Watu wananiambia hakujua, zama zile zilikuwa hivyo. Lakini aliambiwa. Sote tuliambiwa, kwa Kiswahili chepesi, na mtu aliyekuwa na ushahidi mkononi. Macho ya shangazi hayakumdanganya. Aliona dalili kweli, ila alitaka mkosaji kuliko alivyotaka mgonjwa. Padri amenihimiza mara nyingi niliachilie jambo hili, niombe nguvu ya kumsamehe. Kila nikipiga magoti kanisani nalianza ombi hilo, nikifika kwenye jina la shangazi naishia hapo, nainuka, nakwenda nyumbani.