Maji Ghorofa ya Tatu

Jengo letu la Yangon, pale mtaa wa nyuma ya soko la samaki, lilijengwa na watu waliokwisha kufa kabla baba yangu hajazaliwa. Kuta za matofali na chokaa, sakafu za zege. Aliyetaka kununua kiwanja alituambia limeoza lote, tuhame kabla halijatufukia. Hapo ndipo tulipomkumbuka Yamin, mhandisi, binti aliyekulia humu humu kwa shangazi yake, Daw Hnin Kyi.

Alikuja na nyundo, akaanza kugonga. Zege zima hulia kwa mkato, lililoachana ndani hulia kama debe tupu. Mbele jengo lilijibu vizuri. Juu ya kila ufa aligandisha kipande cha kioo kwa plasta, akatukataza kukigusa: ufa ukisogea, kioo kitavunjika. Mvua za msimu mzima zilipita na hakuna kioo kilichovunjika. Nyufa zilikuwa kovu, si kidonda kibichi.

Nyuma mambo yalikuwa mengine. Vyumba vya majiko viliongezwa baadaye, kwa zege la mchanga wa pwani wenye chumvi. Alipochimba kidogo, nondo zilitoka zimevimba kwa kutu, nyingine zimebaki nyembamba kama njiti. Na humo ndimo Daw Hnin Kyi alimopikia mohinga, supu ya samaki na tambi ambayo mtaa mzima tuliinywa asubuhi.

“Shangazi, hapa usipike tena. Hata leo.”

“Miaka yote nimesimama hapa sijaanguka, wewe na kinyundo chako ndio mmeniona nimezidi uzito?”

Tulicheka. Yamin hakucheka. Alibeba sufuria kubwa mwenyewe, akashuka nayo, akarudi kubeba ya pili. Shangazi alinuna siku kadhaa, akipika uani chini ya turubai na kumwambia kila mteja kwamba amefukuzwa na mtoto aliyemlea.

Mwenye kutaka kiwanja alisema basi, ikiwa nyuma ni kubovu, mbele nako ni kubovu. Yamin akamjibu kwamba maneno hayabebi sakafu, tuipime. Alichagua ghorofa ya tatu, sakafu iliyoonekana dhaifu kuliko zote za mbele. Akaweka nguzo za mbao chini yake, zisiiguse, ila ziidake ikishindwa. Juu akatengeneza kidimbwi cha mbao na turubai. Kisha akafunga saa ndogo ya kupimia, yenye mshale wa kuonyesha sakafu inavyobonyea.

Tukapanga mstari ngazini, ndoo mkono kwa mkono. Wazee walitania kwamba sikukuu yetu ya mwaka mpya, ya kumwagiana maji, imefika mapema. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa chini ya sakafu hiyo. Maji yalipanda mpaka uzito ukawa zaidi ya ule ambao sakafu ingewahi kubebeshwa maishani mwake. Mshale ulisogea kidogo, ukatulia. Tukayaacha mpaka kesho yake.

Yalipotolewa, tulijazana mlangoni. Yamin aliinama juu ya ile saa kuusoma mshale, shangazi yake akauliza kwa sauti ndogo, “Vipi, mwanangu?”

“Mshale umerudi, Shangazi. Umerudi karibu kabisa na pale ulipoanzia. Sakafu ni hai.”

Daw Hnin Kyi alitugeukia sisi, kanga yake ya kiunoni imelowa, akatuambia kama vile hatumjui, “Huyu ni wa kwetu.”

Majiko yalibomolewa kwa mkono, tofali moja moja, na kuta za mbele hazikutikisika. Yule mnunuzi alikwenda kutafuta kiwanja kwingine. Tulichanga nguvu, tukaziba mianya kwa chokaa, maana Yamin alikataza saruji ngumu isije ikayabana yale matofali ya kale. Sasa vijana wa chuo huletwa kutazama. Tunawapandisha ngazi sisi wenyewe, na kila mmoja wetu huwaonyesha ndoo yake ilipita wapi.