Dakika za Kujaza Maji

Kazi yangu pale zimamoto ilikuwa kujaza fomu ya kila moto. Siku duka la fundi cherehani wa Majengo lilipoungua, gari letu halikuwa na maji, maana vijana walikuwa ndio kwanza wametoka kuzima moto wa pori. Hawakuzembea, walijaza mbio. Ila fomu huhesabu dakika tangu gari litoke getini.

Moto ulipozimwa, nikamsomea mwenye duka fomu ili asaini: "Gari liliwahi."

"Liliwahi wapi, baba? Si nilipiga simu mkasema mnajaza maji kwanza?"

"Ni kweli, mama. Humu hamna mahali pa kuandika hilo."

Labda palikuwepo, mimi sikupaona. Alivitazama vyerehani vyake vilivyoungua, akasema, "Haya, lete kalamu," akasaini.